Sotoka, Korona na Swali la Nani Aliyepona

Kati ya tarehe 19 Februari na 23 Machi 2020, kipimo cha bei za hisa cha S&P 500 cha nchini Marekani kilishuka kwa takriban asilimia 34. Kufikia tarehe 18 Agosti kilikuwa kimevuka kilele chake cha awali, na ikatangazwa kwamba masoko yamepona. Kwa mkazi wa Bunda aliyeishi kwa kuhudumia wageni wa Serengeti, hiyo ilikuwa habari ya nchi ya mbali. Watalii walioingia Tanzania walipungua kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020. Idadi ya 2019 haikupitwa hadi mwaka 2023. Soko lipi, basi, ndilo lililopona?

Historia ya Mara inalifahamu swali hili. Katika karne ya 19, kwa Wazanaki wa Butiama na majirani zao, ng'ombe alikuwa ndiye akiba: alilipa mahari, alizaa faida ya ndama, na alibadilishwa kwa nafaka mvua ilipokosekana. Mwenye mali hakuweka ng'ombe wote katika zizi moja. Wengine aliwakabidhi kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame au uvamizi wa mahali pamoja usimwache mikono mitupu.

Kisha ikaja sotoka. Iliingia Eritrea mwaka 1887 na ndani ya miaka michache ikafika kwetu. Mwaka 1892 msafiri Oscar Baumann aliwakuta Wamasai wa Ngorongoro wakiangamia kwa njaa. Katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki, ng'ombe wapatao tisa kati ya kumi walikufa. Hekima ya kutawanya mifugo haikufaa kitu, kwa kuwa mazizi yote yalifikiwa. Ndivyo ilivyokuwa Machi 2020, hisa za New York, London na Tokyo zilipoanguka kwa pamoja: mtawanyo hukinga dhidi ya janga la mahali, si dhidi ya janga la dunia.

Tofauti ilikuwa katika kupona. Tarehe 23 Machi 2020, Benki Kuu ya Marekani ilitangaza kwamba ingenunua hati fungani kwa kiasi chochote kitakachohitajika. Mfugaji wa 1892 hakuwa na mdhamini. Aliletewa utawala wa Kijerumani na kodi yake. Watu walikimbilia kwa majirani wenye chakula, na baadaye jamii za wawindaji kama Waikoma ziliuza mikia ya nyumbu kwa Wasukuma ili kupata mifugo upya. Mali ya aina nyingine, pamoja na ujirani, ndivyo vilivyowainua.

Lakini ugonjwa wenyewe haukushindwa kwa juhudi za mtu mmoja mmoja. Ulishindwa kwa chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kenya, na kwa kampeni za umma, hata mwaka 2011 ukatangazwa kutokomezwa duniani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiambiwa soko limepona, uliza nani alidhaminiwa na nani aliachwa ajiinue. Mtumishi wa umma anayepanga bajeti ya wilaya kama Bunda anapaswa kulijibu swali hilo sasa, kabla janga jingine halijabisha hodi.