Nani aamue neno lipi lipite? Historia ya chujio la maandishi, kutoka Umbilo hadi Nairobi

Programu za kutengenezea michezo ya kompyuta zimewawezesha vijana walio katika mabara tofauti kujenga mchezo mmoja kwa pamoja huku wakiandikiana. Hata hivyo, maneno yao hupita kwanza katika chujio la mashine. Makala hii inaangalia machujio hayo yalikotoka, na kwa nini lugha za Kiafrika hutaabika mbele yake.

Umbilo ni kitongoji cha Durban, Afrika Kusini, kilichoko jirani na bandari. Humo na katika vitongoji vya karibu, Kizulu na Kiingereza husikika pamoja na Kiswahili cha Wakongo na Warundi, ambao walianza kufika jijini humo katika miaka ya 1990 wakikimbia vita. Anayekulia mahali kama hapo hutambua mapema kwamba neno lililo halali nyumbani linaweza kuleta balaa barabarani.

Mfano mzito kuliko yote ni neno "kafiri". Kwa mtu wa Lamu au Unguja hiyo ni istilahi ya dini, ingawa haikosi ukali inapoelekezwa kwa mtu ana kwa ana. Wareno walipofika pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 15 walilipokea neno hilo kutoka kwa Waislamu waliowakuta huko. Waholanzi na Waingereza wakalirithi, na kusini mwa bara likageuka kuwa jina la kumdhalilisha mtu mweusi. Mwezi Machi mwaka 2018, mahakama mjini Johannesburg ilimhukumu mwanamke mmoja kifungo cha miaka mitatu, mmoja kati ya hiyo ukiwa umeahirishwa, kwa kuwatukana polisi kwa neno hilo mara kadhaa.

Sasa tuseme kijana wa Umbilo na mwenzake wa Mombasa wanatengeneza mchezo mmoja, na neno hilo limo katika ujumbe wao. Mashine ifanye nini? Chujio linaloangalia tahajia peke yake haliwezi kujua kama hapo wanajadili dini au wanatukanana.

Tatizo hilo lilijitokeza tangu siku za mwanzo za intaneti ya majumbani. Mwaka 1996, kampuni ya Marekani ya AOL iliwakatalia wakazi wa mji wa Scunthorpe, nchini Uingereza, kujiandikisha, kwa sababu tu ndani ya jina la mji wao zimejificha herufi nne zinazounda tusi la Kiingereza. Tangu hapo wataalamu wa kompyuta wameyaita makosa ya namna hiyo kwa jina la mji huo. Kiswahili nacho kina Scunthorpe zake, na si chache. Neno "mashitaka", analoliandika kila siku karani wa mahakama, limebeba tusi la Kiingereza katikati. "Fagio" linaanza na tusi jingine. Hata "kumi", ambayo ni namba tu, imeachana na tusi zito la Kiswahili chenyewe kwa irabu moja, na chujio lililofundishwa kukamata maneno yaliyopotoshwa makusudi linaweza kwa urahisi kuikamata namba hiyo.

Waliotengeneza michezo ya watoto walijaribu njia mbalimbali. Kampuni ya Disney, katika mchezo wake wa Toontown Online uliofunguliwa mwaka 2003, iliwapa watoto orodha ya sentensi zilizokwisha kuandikwa ili wachague, wala si kuandika yao. Njia hiyo ni salama, lakini hayo hayastahili kuitwa mazungumzo.

Roblox, huduma iliyofunguliwa mwaka 2006 na kampuni ya California iliyoanzishwa na David Baszucki na Erik Cassel, ilikwenda mbali zaidi kwa kuwa iliwapa watumiaji wenyewe zana za kujenga michezo. Baadaye programu yake ya ujenzi ikaruhusu watu kadhaa kuingia katika kazi moja kwa wakati mmoja: mmoja anapanda miti, mwingine anaandika amri za kompyuta, na kila mmoja anaona mkono wa mwenzake unavyokwenda. Pamoja na uhuru huo likaja sharti. Mjenzi wa mchezo anapaswa kuyapitisha katika chujio la kampuni maandishi yoyote ambayo mchezaji ameyaandika na mwingine atayaona, liwe jina la farasi wake au bango la duka lake. Akipuuza, mchezo wake unaweza kuondolewa. Neno lisilokubalika halirudi na maelezo. Hurudi likiwa mfululizo wa alama za reli, ####.

Ni haki kusema kwamba sharti hilo halikutungwa kwa inda. Wengi wa wanaocheza humo ni watoto, na watu wazima wenye nia mbaya wamewafuata huko huko. Mwezi Januari mwaka 2026 kampuni hiyo ilianza kuwataka watumiaji wa nchi mbalimbali wathibitishe umri wao, kwa mfano kwa kukaguliwa sura na kamera, kabla ya kuruhusiwa kuandikiana. Mzazi yeyote anaelewa sababu. Linalobaki kuulizwa ni nani anayeijaza orodha ya maneno, na anaijaza akiwa ameketi wapi.

Swali hilo lina historia ndefu katika Umbilo kuliko michezo ya kompyuta. Kando ya Barabara ya Umbilo kipo chuo cha utabibu ambacho leo kina jina la Nelson Mandela. Kilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wanafunzi weusi, chini ya Chuo Kikuu cha Natal, na wanafunzi wake walihesabiwa kuwa "sehemu ya wasio Wazungu" ya chuo hicho. Mwaka 1966 alijiunga hapo Steve Biko. Yeye na wenzake waliounda chama cha wanafunzi cha SASO walikataa kuitwa kwa kitu wasichokuwa. Mwaka 1970 chama kiliamua kuachana na lugha ya "wasio Weupe" na badala yake kutumia "Weusi", neno lililowajumuisha Waafrika, Wahindi na Machotara. Hilo nalo lilikuwa chujio, ila liliwekwa na wale wale waliokuwa wakitajwa.

Utawala wa makaburu, kama redio za Kiswahili zilivyozoea kuuita, ulichuja kwa njia nyingine. Mwezi Machi mwaka 1973 Biko alipigwa marufuku, akalazimishwa kukaa King William's Town, na ikawa kosa la jinai kuyanukuu maneno yake. Sheria haikujali amesema nini. Hata kama angesema mvua inanyesha, gazeti lisingeweza kumnukuu. Alikufa akiwa mikononi mwa polisi tarehe 12 Septemba 1977, na mwezi uliofuata SASO nayo ikapigwa marufuku. Serikali ile ilimchuja mtu bila kuangalia neno. Mashine za leo hulichuja neno, na mara nyingi haziangalii ni nani analisema kwa nani.

Kenya ilijaribu kuandika orodha yake. Mwezi Aprili mwaka 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ilitangaza maneno na misemo iliyoyaona kuwa ya chuki. Miongoni mwake yalikuwamo "madoadoa", "kwekwe", "mende", "wakuja" na, ndiyo, "kafiri". Tume haikuwa inaota. Katika Bonde la Ufa, "madoadoa" liliwahi kumaanisha majirani wa kabila jingine wanaopaswa kufutwa, na katika ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Lakini mkulima wa Kitale anayetaka kung'oa kwekwe shambani ataliitaje gugu hilo? Neno hilo halina kosa mpaka limpate msemaji na msikilizaji fulani, katika mwaka fulani.

Ndiyo maana mashine hufundishwa na watu. Kuelekea mwisho wa mwaka 2021, kampuni ya Marekani ya OpenAI iliingia mkataba na kampuni ya Sama, yenye ofisi Nairobi, ili wafanyakazi wa Kenya wasome na kuyapanga maandishi ya matusi, ukatili na unyanyasaji wa watoto, na mashine ijifunze kuyatambua. Jarida la Time liliripoti Januari 2023 kwamba wafanyakazi hao walikuwa wakipata chini ya dola mbili za Marekani kwa saa. Wasemaji wa Kiswahili, kwa hiyo, walikuwa wakisafisha zaidi uchafu wa Kiingereza.

Kampuni hiyo hiyo ya Sama ilikuwa pia ikikagua ujumbe wa Facebook kwa lugha kadhaa za Afrika. Mmoja wa wakaguzi, Daniel Motaung, alikuwa ametoka Afrika Kusini kwenda Nairobi kwa kazi hiyo. Mwezi Mei mwaka 2022 alifungua kesi dhidi ya Sama na Meta, kampuni mama ya Facebook, akisema kazi hiyo ilimwumiza akili na kwamba alifukuzwa kwa kujaribu kuwaunganisha wenzake. Mwaka uliofuata wakaguzi wengine zaidi ya 180 walifungua kesi yao. Meta ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake kwa kuwa si kampuni ya nchini humo. Mwezi Septemba mwaka 2024, Mahakama ya Rufani ya Nairobi iliikataa hoja hiyo na kuamua kwamba Meta inaweza kushitakiwa nchini Kenya.