Fedha Iliyopimwa kwa Fedha

Katika duka moja la vitu vya zamani karibu na mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, Unguja, mapambo ya fedha hukaa chini kabisa, ndani ya sinia la shaba, yamechanganyika na funguo na vitasa vya makabati. Macho ya wageni huishia juu, kwenye saa za ukutani na sahani za kaure. Niliinama kwenye sinia lile nikatoa mkufu mzito, mweusi kwa kukaa, una sarafu kubwa katikati. Muuzaji akanionyesha mwaka uliopigwa chapa: 1780. "Hesabu mwenyewe, dada. Miaka mia mbili na ushei."

Sarafu ni ya kweli, ila mwaka wake hausemi umri wake. Ni reale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki Novemba 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Arabuni walikuwa wameizoea mno sura yake, hata sarafu yenye sura nyingine wakaitilia shaka. Kwa hiyo Vienna iliendelea kuifua kwa mwaka uleule aliokufa. Katika miaka ya 1930 na 1940 ilifuliwa pia Rome, London na Bombay, na zote hizo zimeandikwa 1780. Reale ya mkufu ule huenda ni rika la bibi yangu.

Huku kwetu reale ilifanya kazi zaidi ya kununulia. Wakia, kipimo cha sokoni Unguja katika karne ya 19, kilikuwa uzito wa reale moja, gramu 28 na chembe. Wakia 16 zilifanya ratli. Na reale hiyohiyo ndiyo iliyokuwa mali ghafi ya sonara, maana pwani yetu haina machimbo ya fedha. Aliyetaka mitali ya miguuni alifunga reale zake kitambaani akazipeleka. Zilipimwa, zikayeyushwa, zikafuliwa, na kazi ilipokwisha pambo likarudi mzanini. Mteja alipokea kilekile alichopeleka, kimegeuka umbo tu, akalipa ufundi. Lugha yetu nayo haikuhitaji maneno mawili: fedha ni madini, na fedha ndiyo hiyo ya kutumia.

Mwanamke aliyevaa mafurungu, basi, alikuwa anatembea na akiba yake. Kwa sheria ya Kiislamu mahari ni mali ya mke, mume hana ruhusa ya kuyagusa bila ridhaa yake, na mahali pa kuyaweka palipo salama kuliko mguuni mwa mwenyewe ni pachache. Mwaka ukiwa mgumu, au mume akifa, pambo moja lilivuliwa, likapimwa, likawa matumizi ya nyumba. Mtoto akiolewa, mawili ya kizamani yaliyeyushwa yakawa moja la mtindo mpya. Hii ndiyo sababu ya uchache wake leo: yaliliwa na maisha yaleyale yaliyotengenezewa.

Mwishoni mwa karne ya 19 rupia ya India iliisukuma reale pembeni. Masonara waliipenda, na si ajabu: rupia ilikuwa na uzito wa tola moja kamili, kipimo cha masonara, gramu 11.66, na sehemu 11 kati ya 12 zake ni fedha, wakati reale ni sehemu 5 kati ya 6. Kwa anayetafuta umri wa pambo, rupia ina faida nyingine. Rupia ya Mfalme Edward VII iliyoandikwa 1907 ilifuliwa 1907, kwa hiyo pambo lililolehemiwa sarafu hiyo haliwezi kuwa la kabla yake.

Kisha, mwaka 1936, Unguja ikahamia shilingi ya Afrika Mashariki, na shilingi ile robo yake tu ndiyo iliyokuwa fedha. Sonara angeifanyia nini? Mimi naona hapo ndipo kamba ilipokatika kati ya sarafu na kikuku. Mabibi harusi walizidi kutaka dhahabu, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi ziliondoka. Vilivyobaki vikaingia masandukuni, na kutoka masandukuni vikaja kwenye masinia kama lile.

Muuzaji yule kijana aliyaita mapambo yote ya siniani bangili. Nikamtajia moja moja: hii bapa na pana ni kekee, hii yenye vichwa vya miiba ni banagiri, hili kubwa la mguuni ni furungu. Alirudia majina polepole, kisha akaiweka kekee kwenye mzani wake wa betri na kunitajia bei kwa gramu, bei ya kuyeyushia. Iliniuma, lakini nililipa. Mkufu wa 1780 nikauacha.

Kekee ile haina chapa yoyote, na haina sarafu. Mzani ulikuwa umesoma gramu 56. Reale mbili za mtu.