Safu ya shilingi, safu ya dola: nani alihesabiwa mwenyeji vyuoni Morogoro

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilitimiza miaka 40 tarehe 1 Julai 2024. Maadhimisho ya namna hii huwa ya mbegu, mifugo na misitu. Hakuna anayeikatia ada keki. Ada nayo ina historia yake. Kwa miaka mingi mwananchi alilipa kwa shilingi, mgeni kwa dola, na hakuna aliyeulizwa ameishi Morogoro miaka mingapi. Mtoto wa Mgeta, ambaye milima ya kwao ndiyo inayounywesha mji, hulipa sawa na aliyetoka Kagera.

Wenye ndugu Marekani wanaujua utaratibu mwingine. Huko chuo cha umma ni cha jimbo, na anayetoka jimbo jingine aghalabu hulipa mara mbili au tatu ya mwenyeji. Ili ahesabiwe mwenyeji, majimbo mengi humtaka awe ameishi hapo miezi 12, tena athibitishe kwa leseni ya udereva na kodi kwamba hakufuata masomo tu. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ililizuia jimbo la Connecticut kumbandika mwanafunzi jina la mgeni hadi anahitimu, bila kumpa nafasi ya kujitetea.

Kwetu mstari ulipita pengine. Kuanzia 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa sehemu za Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake. Sheria ilisomwa Dar es Salaam, tiba ya mifugo Nairobi, kilimo Makerere. Kijana wa Matombo aliyetaka shahada ya kilimo alifunga safari ya Uganda kama anayekwenda chuoni kwao. Baadaye kila nchi ikataka vitivo vyake. Chuo cha Kilimo Morogoro, kilichoanza 1965 na ambacho baadaye kilikuja kuwa SUA, kikageuzwa kitivo cha chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1970 chuo cha pamoja kikavunjika.

Kisha likaja Azimio la Musoma, na hapa ndipo historia hii ina utamu wake. Serikali ndiyo iliyokuwa ikimlipia mwanachuo, kwa hiyo swali halikuwa unakaa wapi, bali umelitumikia nini taifa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, iliamua kwamba kumaliza kidato cha sita hakutoshi kukufikisha chuo kikuu. Kwanza ufanye kazi, kwa kawaida miaka miwili au zaidi, halafu uje na barua mbili: ya mwajiri na ya tawi la chama. Wazo lilikuwa zuri, na kwangu lina heshima kuliko leseni ya udereva. Lakini barua ya tawi iliweka hatima ya msomi mikononi mwa watu wachache ambao si lazima wawe wanampenda. Wasichana ndio walioumia zaidi. Miaka ya kungoja iliangukia umri wa ndoa na uzazi, waombaji wa kike wakapungua, na haikupita miaka mingi serikali ikawaondolea sharti hilo. Leo hata wanaoililia nidhamu ya enzi ile hawaitaji habari hii.

Wakati huohuo, Mazimbu, nje kidogo ya mji, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Mwaka 1977 serikali iliwapa ANC, wapigania uhuru wa Afrika Kusini, shamba la zamani la mkonge wawasomeshe vijana waliokimbia baada ya maandamano ya Soweto ya 1976. Shule ilipewa jina la Solomon Mahlangu, mpiganaji wa ANC aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Watoto wa nchi nyingine walisoma kwenye ardhi yetu, na uraia haukuwa hoja. Julai 1992 majengo yalikabidhiwa Tanzania, na sasa ni kampasi ya SUA. Wanaopita hapo kila siku wangestahili kuijua habari hii vizuri zaidi.

Uchangiaji wa gharama ukaingia miaka ya tisini, Bodi ya Mikopo ikaanza kazi 2005, na mkopo wake ni wa raia tu. Mei 2017 wakuu wa Afrika Mashariki walitangaza jumuiya yao kuwa eneo moja la elimu ya juu. Tamko ni zuri, lakini mwanafunzi wa Bujumbura anayeitamani Morogoro ni heri aulize kwanza ofisi ya udahili atawekwa safu ipi.