Froome, pumu na "lisemwalo lipo"

Wadau, juzi nilikuwa Kolo, kule Kondoa, nikisubiri fundi azibe pancha ya baiskeli niliyoazima ili niende kuona michoro ya mapangoni. Mzee akaniuliza: "Yule Mzungu wa Kenya wa baiskeli, si alikamatwa na dawa?" Nikamwambia hapana mzee wangu, hakutiwa hatiani. Akacheka. "Kijana, lisemwalo lipo."

Haya, tuanze mwanzo. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akanolewa na David Kinjah, na mwaka 2006 akaiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne. Baadaye akahamia upande wa Uingereza. Septemba 2017, akiwa njiani kushinda Vuelta ya Hispania, mkojo wake ulikutwa na salbutamol nanogramu 2,000 kwa mililita. Kikomo ni 1,000. Salbutamol ni dawa ya pumu, ile ya kuvuta kwa mdomo, na kwa kiasi fulani inaruhusiwa. Faili la namna hiyo lilitakiwa kushughulikiwa kimya kimya. Desemba, magazeti ya Guardian na Le Monde yakalianika.

Tarehe 2 Julai 2018 chama cha baiskeli duniani, UCI, kikaifunga kesi. Siku chache baadaye, kwenye Tour de France, alizomewa barabarani vilevile. Na habari ya kufungwa kesi, kama mnavyoona, Kolo haikufika.

Simlaumu sana mzee. Lance Armstrong alikana miaka mingi, akavuliwa mataji saba mwaka 2012, akakiri 2013. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtuhumiwa wa jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitishwa. Michezoni ni kinyume: ukikutwa na kitu mwilini, wewe ndiye ujieleze. Nakubali, bila hivyo wajanja wasingekamatwa kabisa. Ila muulizeni Bernard Lagat. Mwaka 2003 sampuli yake ya kwanza ilisema EPO, akakosa mashindano ya dunia kule Paris, kisha sampuli ya pili ikatoka safi. Mbio zile hazikurudiwa.

Mimi mwandishi, faili la Froome lingenifikia ningeliandika? Nadhani ningeliandika, na usingizi ningekosa. Ninyi je, mngefanyaje?