Wa Tumbo Moja, Damu Mbalimbali

Nimestaafu kazi ya maabara, lakini hapa Mbagala bado naitwa dokta, na swali ninaloulizwa barazani ni lilelile nililokuwa nikiulizwa dirishani pa kupokelea majibu: "Dokta, hawa wa tumbo moja, wanalala chandarua kimoja. Mbona huyu homa inampitia tu, na mwenzake kila mwezi anaongezwa damu?" Mtaa una majibu yake tayari: jicho la mtu, mizimu ya upande wa mama, mke aliyeingia na mkosi. Jibu langu ni refu kidogo, kwa sababu linaanzia kwa watu waliokufa zamani.

Robert Koch, bingwa wa vijidudu wa Ujerumani, alifika Dar es Salaam mwaka 1897 na kupima damu za wakazi. Mwaka uliofuata aliandika kwamba watu wa milima ya Usambara wakishuka tambarare hushikwa na homa, na kwamba wenyewe walikwisha kumtaja mbu kuwa ndiye mwenye makosa, hata kabla wataalamu wa Ulaya hawajakubaliana. Mtu wa pwani aliyeumwa na mbu hao tangu utotoni hakulazwa chini namna ile. Ipo kinga ya kuumwa na kupona, hilo halina ubishi. Ila ipo na nyingine ambayo mtu huzaliwa nayo, na hiyo ilisubiri nusu karne kufahamika.

Aliyeifukua ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa katika msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya, alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta zaidi ya mtu mmoja kati ya watano amebeba jeni ya selimundu. Nyanda za juu penye baridi, hata mmoja kati ya mia hakufika. Akawaza mbu. Mwaka 1953 alirudi kuhakikisha, akapima watoto wa Buganda: katika 43 waliobeba jeni hiyo, 12 walikuwa na vimelea vya malaria, katika 247 wasioibeba, walikuwa 113. Matokeo aliyachapisha mwaka 1954.

Lakini hesabu inayonigusa zaidi ni ya kwetu Tanganyika, ya Musoma. Allison alipima huko watoto wachanga 287 na watu wazima 654. Miongoni mwa wachanga, tisa walikuwa na selimundu yenyewe, yaani wamerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama. Miongoni mwa wazima, idadi ikiwa zaidi ya maradufu, walikuwa watano tu. Wengine hawakukua. Sasa tazama wabebaji, wenye jeni hiyo kwa mzazi mmoja: wachanga walikuwa 89, kama asilimia 31; wazima 249, asilimia 38. Fungu lao lilikua kwa sababu wenzao wasio na jeni hiyo walikuwa wakipukutika, na malaria ndiyo iliyokuwa ikiwapukutisha. Ukiisoma hesabu ile taratibu, ni daftari la misiba ya pande mbili.

Mezani kwangu jambo lenyewe lilionekana kwa macho. Tone la damu juu ya slaidi, tone la sodiamu metabaisalfaiti, kioo chembamba juu yake, vaselini pembeni hewa isipite, kisha unasubiri. Chembe za mviringo zinaanza kujikunja mfano wa mundu. Kipimo kile kilijibu ndiyo au hapana tu. Kutenganisha mbebaji na mgonjwa kulihitaji mashine ya hospitali kubwa. Katika mwili wa mbebaji, kimelea kikiingia kwenye chembe kama hiyo, chembe hujikunja mapema na bandama huiondoa pamoja na mgeni wake. Kimelea chenyewe hakistawi vizuri humo. Ndiyo maana mbebaji anaweza kuugua malaria, lakini ile kali ya kupoteza fahamu inampata kwa nadra sana.

Selimundu haiko peke yake. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD nao umeenea mwambaoni, nao unahusishwa na kinga dhidi ya malaria, na una gharama zake. Dawa ya malaria ya Lapdap iliondolewa mwaka 2008 kwa sababu iliwavunjia damu wenye upungufu huo. Historia ya mababu iliingia mpaka kwenye kopo la vidonge.

Sasa njoo Temeke. Hapa Mzaramo kaoa kwa Wajita, Mndengereko kaolewa na Mmakonde, na damu za pwani, ziwa na kusini zinakutana katika chumba cha kupanga. Kati ya mwaka 2015 na 2016 Muhimbili na Hospitali ya Rufaa ya Temeke walipima watoto wachanga 3,981. Wagonjwa wa selimundu walikuwa 31. Wabebaji 505, karibu mmoja kati ya wanane. Hawa 505 wamerithi ngao iliyochongwa na malaria. Wale 31 ndio wanaoilipia. Na wao ngao haiwafai: malaria ikimpata mgonjwa wa selimundu, hushusha damu yake haraka na inaweza kumuua.

Malaria jijini imepungua mno ukilinganisha na nilipoanza kazi. Jeni haipungui kwa kasi hiyo. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mgonjwa, mbu wawepo wasiwepo. Kwa hiyo ninapomsikia mama mkwe akimsuta mkamwana kwamba kaleta ugonjwa wa kwao, humwambia: "Dada yangu, bila mwanao mtoto huyu asingeugua. Wamechangia wote wawili, na huenda wewe uliyemzaa baba yake uko hai kwa sababu hiyohiyo."

Maneno yanatuliza baraza, hayamponyi mtoto. Kinachomwokoa ni kujulikana mapema, apewe penisilini, kinga ya malaria na haidroksiyurea kabla maumivu hayajamzoea. Kila mtoto anayezaliwa jijini huchomwa BCG, awe wa tajiri au wa maskini, na hakuna anayeuliza kwa nini. Kichomo kimoja cha kisigino kwa ajili ya selimundu kingestahili kuwekwa kwenye sinia hilohilo.