Lumbesa na Makinikia: Nani Anashika Mizani Katika Biashara ya Madini ya Tanzania?

Mkulima wa viazi wa Njombe anaijua lumbesa kuliko mchumi yeyote. Gunia linajazwa hadi mdomoni, linavikwa kilemba, linashonwa, linapandishwa kwenye lori. Shambani hesabu ni ya gunia. Likifika Dar es Salaam hesabu inageuka kuwa ya kilo. Pengo kati ya hesabu hizo mbili ndiyo faida ya mnunuzi. Mkulima hakuibiwa kwa maana ya kawaida ya neno hilo: alikuwepo, aliona, alipokea fedha mkononi. Alichokosa ni mizani. Sheria ya vipimo inakataza ufungashaji huo, na Wakala wa Vipimo hukamata malori njiani, lakini lumbesa haijafa, kwa sababu mizani ya barabarani huja baada ya biashara kwisha.

Nimeanza na viazi kwa makusudi. Mijadala yetu kuhusu nafasi ya nchi zinazoinukia katika soko la dunia huanzia juu mno: rais na mwenyekiti wa kampuni, asilimia za hisa, viwango vya mrabaha, picha za kupeana mikono Ikulu. Makala haya yanadai kwamba yote hayo hufuata nyuma ya swali la gunia: nani anapima, anapimia wapi, na kipimo chake kinaaminiwa na nani? Kisa nitakachokitumia ni mgogoro wa makinikia kati ya Serikali ya Tanzania na kampuni ya Acacia, kuanzia 2017 hadi 2020, kwa kuwa ni nadra hesabu za pande mbili kuachana hadharani kwa umbali ule.

Mbale ya Bulyanhulu na Buzwagi, iliyokuwa migodi ya Acacia wilayani Kahama, ina dhahabu, shaba na fedha kwa pamoja. Sehemu ya dhahabu hupatikana mgodini penyewe na kutoka ikiwa mikuo. Iliyobaki imeng'ang'ania shaba, na kuitenganisha kunahitaji mtambo wa kuyeyushia ambao nchi haina. Basi hutengenezwa unga mzito, mweusi, unaopakiwa kwenye makontena na kupelekwa ng'ambo. Magazeti yaliuita mchanga wa dhahabu, na nadhani jina hilo lilituchelewesha kufikiri. Mchanga huchotwa tu. Makinikia, neno ambalo kabla ya 2017 lilikuwa midomoni mwa wachache, ni bidhaa ya kiwandani yenye mkataba wake na bei yake, na bei hiyo hupatikana kwa utaratibu ambao inafaa tuutazame taratibu.

Kontena halilipwi kwa uzito wake. Kwanza unyevu huondolewa kwenye hesabu ili upatikane uzito mkavu. Kisha sampuli hugawanywa: sehemu ya muuzaji, sehemu ya mnunuzi, na sehemu ya tatu inayofungwa kwa lakiri kungoja ugomvi. Kila upande hupima katika maabara yake. Majibu yakikaribiana, huchukuliwa wastani. Yakiachana kupita kiasi kilichoandikwa mkatabani, lakiri hukatwa na maabara ya mwamuzi hutoa neno la mwisho. Hapo ndipo huingia bei za London, ya shaba na ya dhahabu. Mwenye mtambo hukata gharama za kuyeyusha na kusafisha, hukata sehemu ya madini ambayo mkataba unasema hailipwi, na akikuta arseniki au uchafu mwingine hutoza adhabu. Kinachobaki ndiyo bei.

Tazama meza hiyo imekaliwa na nani. Muuzaji ni kampuni, mnunuzi ni mwenye mtambo, mwamuzi ni maabara. Serikali ilikuwa na Wakala wa Ukaguzi wa Madini, TMAA, ulioanzishwa 2009, na maofisa wake walikuwa migodini. Lakini katika kupatana bei haikuwa mmoja wa wale watatu. Ilikagua muamala wa watu wengine, kisha ikadai chake juu ya hesabu waliyoifunga wao.

Mwanzoni mwa Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa makinikia. Makontena 277 yalizuiwa. Mwezi Mei kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, mwanajiolojia, ilimweleza Rais John Magufuli kwamba ndani ya makontena hayo mlikuwa na wastani wa tani 7.8 za dhahabu, ilhali zilizotajwa kwenye hati zilikuwa tani 1.2. Waziri wa Nishati na Madini, Sospeter Muhongo, aliondoka siku hiyohiyo. Juni kamati ya pili, ya Profesa Nehemiah Osoro, ilipiga hesabu ya kuanzia 1998 na kutaja hasara inayofikia shilingi trilioni 108. Julai ikaja ankara ya kodi, riba na adhabu: dola bilioni 190, zaidi ya mara tatu ya pato la taifa la mwaka mzima. Kampuni ilijibu kwamba hesabu hizo zikiaminiwa, basi migodi yake miwili ya Kahama ndiyo mikubwa kuliko yote duniani.

Sina msingi wa kusema kwamba kamati ilikosea, wala kwamba kampuni ilisema kweli. Na hiyo ndiyo hoja yenyewe. Umma haukuonyeshwa cheti cha maabara ya tatu iliyokubaliwa na pande zote mbili, jambo ambalo wafanyabiashara wawili wa shaba hulifanya kila wiki bila kuita waandishi wa habari. Tofauti ya zaidi ya mara sita ilibaki ikielea, kila mtu akaegemea upande alioupenda. Wengine walisema wazungu wametuibia, wengine wakasema maprofesa hawajui kupima. Ni mjadala wa kijiweni uliofika hadi bungeni.

Ajabu zaidi ni kilichoupata wakala. Mkuu wake alisimamishwa, na kwa marekebisho ya sheria ya mwaka uleule TMAA ilivunjwa, kazi zake zikahamia Tume ya Madini. Mizani ikishukiwa kwamba ni mbovu, mwenye duka hufanya mambo mawili: huitengeneza, au huitupa na kununua nyingine. Tulichagua la pili, katikati ya msimu wa kuuza.

Watetezi wa Magufuli wana jibu, nalo si dogo. Kwa miaka ishirini watu wapole walisema kwa upole. Sheria ya 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu wa asilimia 3. Mkataba wa Buzwagi ulisainiwa London mwaka 2007 na waziri Nazir Karamagi, na mbunge Zitto Kabwe alipouliza kwa nini huko, akasimamishwa ubunge kwa muda. Kamati ya Jaji Mark Bomani ilifanya kazi yake, sheria ya 2010 ikapandisha mrabaha hadi asilimia 4. Kwa mwendo huo tungefika lini? Marufuku ya Machi ilimleta Dar es Salaam John Thornton, mwenyekiti wa Barrick, kampuni mama ya Acacia, kabla Juni haijaisha. Julai zilipitishwa sheria za kusimamia utajiri wa asili, mrabaha ukawa asilimia 6, na Serikali ikapata haki ya hisa zisizopungua asilimia 16 bila kulipia. Hayo hayakupatikana kwa makongamano.

Nakubali. Nguvu ilifungua mlango. Swali langu ni tuliingia ndani na nini mkononi. Oktoba 2017 ujumbe ulioongozwa na Profesa Palamagamba Kabudi ulikubaliana na Barrick kuhusu malipo ya dola milioni 300 ya kumaliza madai. Ukigawanya, ni dola moja kwa kila dola 633 zilizokuwa kwenye ankara. Mtu anaweza kusema ankara ile ilikuwa karata ya mazungumzo tu, na pengine ndivyo. Mfanyabiashara wa Kariakoo naye hutaja bei ya kwanza akijua hatailipwa. Lakini bei ya kwanza ya Kariakoo ina uhusiano fulani na kitambaa.

Mkataba kamili ulisainiwa Januari 2020, Mark Bristow akiiwakilisha Barrick. Ikazaliwa Twiga Minerals, Serikali ikiwa na asilimia 16 na Barrick asilimia 84, kwa ahadi kwamba faida za kiuchumi za migodi zitagawanywa nusu kwa nusu. Neno nusu ni tamu, ila lisikilizwe vizuri. Ndani ya nusu ya Serikali mnahesabiwa kodi, mrabaha, ada na gawio la hisa. Na ili kujua nusu ya kitu, sharti ujue kitu kizima: kilitoka kiasi gani ardhini, kiliuzwa kwa bei gani, na gharama za kukitoa zilikuwa ngapi. Mawili ya mwanzo yanarudi maabara. La tatu limo katika vitabu vya mwendesha mgodi. Asilimia 50 ya hesabu usiyoweza kuikagua ni gunia lenye kilemba.

Wapo pia waliofaidika ambao hatukuwatia kwenye hesabu. Mgogoro uliporomosha hisa za Acacia katika Soko la Hisa la London, na Septemba 2019 Barrick ikanunua sehemu ambayo haikuwa yake, wanahisa wadogo wakinung'unika juu ya bei. Kampuni mama ilitoka katika vita vile ikiwa na migodi yote ya Acacia na utulivu na Serikali. Huku nyuma Bulyanhulu ilipunguza shughuli, na wafanyakazi wa Kahama wakarudi nyumbani bila ajira. Chini ya ardhi kazi ilianza tena 2020.

Botswana ilipita njia nyingine, ya kuchosha kuitazama. Debswana, ubia wake na De Beers, ilianza 1969 Serikali ikiwa na asilimia 15, na 1975 ikafika 50. Hicho ndicho hutajwa siku zote. Kisichotajwa ni kwamba Serikali iliajiri wathamini wake wa almasi, wakakaa upande wa pili wa meza wakitazama jiwe lilelile, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2012 ikaanzisha Okavango Diamond Company, inayochukua sehemu ya almasi za Debswana na kuziuza yenyewe kwa mnada, na hivyo kuijua bei bila kusimuliwa. Mwaka 2013 De Beers ikahamisha mauzo yake kutoka London hadi Gaborone. Hakuna hata siku moja katika historia hiyo inayofaa kutangazwa moja kwa moja na televisheni.

Nisiipambe kupita kiasi. Almasi za maabara zimeivuruga bei ya almasi za ardhini, na uchumi wa Botswana umeyumba nazo. Mizani humwambia muuzaji ana nini. Haimlazimishi mnunuzi akitake.

Indonesia hutajwa pia, hasa na wanaopenda marufuku. Ilizuia usafirishaji wa nikeli ghafi 2014, ikalegeza, ikarudisha zuio Januari 2020, na kampuni za China, Tsingshan ikiwa mbele, zikajenga mitambo Morowali, kisiwani Sulawesi. Umoja wa Ulaya ulishinda hukumu katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2022, Indonesia ikakata rufaa na kuendelea na yake. Ila Indonesia ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote wa nikeli. Mnunuzi hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Makinikia ya Kahama hayakuwa na uzito huo, na wataalamu walisema mapema kwamba migodi miwili haitoshi kulisha mtambo wa kuyeyushia. Kuiga zuio bila wingi ni kufunga duka mtaa wenye maduka mia.

Katika yote yaliyozaliwa na mgogoro ule, lililozungumzwa kidogo ndilo ninaloliona kubwa. Januari 2019 Rais alikaa na wachimbaji wadogo, akawasikiliza. Wiki chache baadaye waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na Machi soko la kwanza la madini likafunguliwa Geita. Mchimbaji aliyekuwa akiuza kwa broka gizani sasa anaingia mahali palipo na mizani, kipimo cha ubora, bei ya siku ubaoni, ofisa wa Serikali na mnunuzi, wote chini ya paa moja. Serikali imo chumbani wakati bei inapatikana, haifuati nyuma na ankara. Ni kinyume cha lumbesa, na hakikuhitaji mwenyekiti yeyote kupanda ndege.

Jaribio lijalo liko Kahama hukohuko. Buzwagi ilimaliza uzalishaji 2021, na eneo lake ndilo lililopangiwa mtambo wa kusafishia nikeli, kobalti na shaba kutoka Kabanga, wilayani Ngara, chini ya Tembo Nickel, ambamo Serikali ina asilimia 16 kwa mkataba wa Januari 2021. Safari hii mtambo umepangwa uwe nyumbani. Lakini teknolojia yake ni ya mbia, na madini matatu yana vipimo vitatu, bei tatu na makato ya aina tatu. Maofisa watakaokaa meza ile wanatakiwa wawe wamefundishwa sasa, kabla kontena la kwanza halijafungwa.

Sheria ya uwazi katika rasilimali za madini, mafuta na gesi ya 2015 inataka mikataba itangazwe. Wabunge wanaosoma jarida hili waombe jambo moja zaidi: kila shehena inayotoka, pamoja na mkataba wake, itangazwe na hati ya vipimo vyake, yenye majibu ya maabara ya kampuni, ya mnunuzi, na ya Serikali.