Gemu Moja, Matoleo Mengi: Historia ya Uchaguzi wa Mnunuzi wa Konsoli

Gemu ya video inayouzwa kwa jina moja kwenye konsoli mbili mara nyingi ni kazi mbili tofauti. Jalada hufanana na bei hulingana, lakini programu iliyomo huenda imeandikwa na timu nyingine, kwa muda mwingine, kwa ajili ya mashine yenye uwezo mwingine. Ndiyo maana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 mnunuzi makini amelazimika kuuliza maswali mawili: gemu ipi, na toleo la mashine ipi.

Suala hilo lilianza pale gemu za mashine za sarafu zilipopelekwa majumbani. Pac-Man ya kampuni ya Namco ilitoka Japani mwaka 1980, na mwaka 1982 Atari ikaileta kwenye konsoli yake ya Atari 2600. Konsoli hiyo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1977, ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu, na kaseti ya Pac-Man ilikuwa ya kilobaiti 4. Mwandishi wa programu, Tod Frye, alilazimika kuichora mizimu kwa zamu, ikawa inamemeteka kwenye skrini kama taa inayotaka kuzimika. Kaseti hiyo ilinunuliwa na mamilioni ya watu, na wengi walisikitika walipoiwasha. Mwaka huohuo kampuni ya Coleco, iliyokuwa imenunua haki za Donkey Kong kutoka Nintendo, iliiuza gemu hiyo pamoja na konsoli yake mpya ya ColecoVision, kisha ikatoa matoleo kwa ajili ya mashine za wapinzani wake. Gemu ya asili ilikuwa na hatua nne. Toleo la ColecoVision lilibaki na tatu, la Atari 2600 likabaki na mbili. Wapo walioshuku kwamba Coleco iliyadhoofisha matoleo ya wapinzani kwa makusudi, lakini kwa toleo la Atari udogo wa mashine yenyewe unatosha kueleza sehemu kubwa ya upungufu huo.

Kipindi ambacho uchaguzi huu ulikuwa mgumu kuliko vyote ni mwanzo wa miaka ya 1990, wakati Sega na Nintendo zilipopambana uso kwa uso. Mega Drive ya Sega, iliyoitwa Genesis huko Marekani, ilikuwa na prosesa yenye kasi zaidi. Super Nintendo ilikuwa na rangi nyingi zaidi: iliweza kuonyesha rangi 256 kwa pamoja katika hali ya kawaida, wakati Mega Drive iliishia 64. Hata pedi zilitofautiana. Street Fighter II ya Capcom ilihitaji vitufe sita vya kupigania, vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke, na pedi ya Super Nintendo ilikuwa na vitufe sita hasa. Toleo lake lilitoka mwaka 1992 na kuuzwa zaidi ya nakala milioni 6. Pedi ya Mega Drive ilikuwa na vitufe vitatu vya kuchezea, kwa hiyo gemu hiyo ilipofika huko mwaka 1993, mwenye pedi ya zamani alibadilisha kati ya ngumi na mateke kwa kubonyeza kitufe cha kuanzia. Sega ikaanza kuuza pedi ya vitufe sita, na mnunuzi aliyetaka kucheza sawasawa akaongeza gharama hiyo juu ya bei ya kaseti.

Mortal Kombat ndiyo iliyoonyesha kwamba tofauti ya matoleo haitoki kwenye vyuma peke yake. Gemu hiyo ya Midway, iliyobuniwa na Ed Boon na John Tobias, ilijulikana kwa damu na kwa namna mshindi anavyommaliza aliyeshindwa. Tarehe 13 Septemba 1993 kampuni ya Acclaim ilitoa matoleo ya nyumbani siku moja. Nintendo, iliyojitambulisha kama kampuni ya familia, ilikataa damu. Katika toleo la Super Nintendo damu iligeuzwa kuwa jasho la kijivu, na mapigo ya kumalizia yakapunguzwa makali. Sega iliruhusu damu, lakini ikaificha nyuma ya mfuatano wa vitufe: A, B, A, C, A, B, B. Mfuatano huo ulienea haraka miongoni mwa vijana. Kwa picha na sauti, toleo la Super Nintendo lilikuwa karibu zaidi na mashine ya sarafu. Hata hivyo wanunuzi wengi walichagua la Sega. Uamuzi wao haukuwa wa kijinga. Walitaka gemu ile waliyoiona kwenye ukumbi wa sarafu, na kwao damu ilikuwa sehemu ya gemu.

Athari zake zilivuka maduka. Mwezi Desemba 1993 maseneta Joe Lieberman na Herb Kohl waliongoza vikao vya Seneti ya Marekani kuhusu ukatili katika gemu, na mwaka 1994 kikaundwa chombo cha ESRB cha kuainisha gemu kwa umri. Mwaka huohuo Mortal Kombat II ilifika Super Nintendo ikiwa na damu yote.

Aladdin ni kisa cha aina nyingine. Mwaka 1993 filamu ya Disney yenye jina hilo ilizaa gemu mbili zisizohusiana. Ile ya Mega Drive ilitengenezwa na Virgin chini ya David Perry, wachoraji wa Disney wakachora miondoko yake, na Aladdin akapewa upanga. Ya Super Nintendo ilitengenezwa na Capcom. Humo Aladdin hana upanga, huruka juu ya maadui na kurusha matufaha. Mbunifu wa toleo hilo la Capcom, Shinji Mikami, alikuja kusema kwamba kama asingekuwa yeye aliyelitengeneza, huenda angenunua lile la Mega Drive.

Mnunuzi wa Ulaya alikuwa na tatizo ambalo Mmarekani hakulijua. Televisheni za Marekani na Japani zilifuata mfumo wa NTSC, wenye mizunguko 60 kwa sekunde. Ulaya Magharibi kwa sehemu kubwa ilitumia PAL, wenye 50. Gemu iliyotengenezwa Japani na kupelekwa Ulaya bila kurekebishwa ilipungua kasi kwa sehemu moja ya sita, na mistari myeusi ikajitokeza juu na chini ya picha. Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991, gemu iliyosifika kwa mbio, ilikimbia polepole kwa namna hiyo. Kenya, Uganda na Tanzania nazo zilikuwa nchi za PAL. Nafuu ilianza kuonekana Sega ilipoleta Dreamcast Ulaya mwaka 1999, kwani gemu zake nyingi zilimruhusu mchezaji kuchagua mizunguko 60.

Diski zilipoingia, nafasi ya kuhifadhi ikawa kigezo kipya. Kaseti kubwa kuliko zote za Nintendo 64 zilikuwa na megabaiti 64, wakati CD moja ya PlayStation ilibeba zaidi ya 600. Ndiyo sababu kubwa iliyofanya Final Fantasy VII, ya mwaka 1997, itoke kwenye PlayStation ikiwa na CD tatu. Resident Evil 2 ilitumia CD mbili mwaka 1998. Mwaka uliofuata Angel Studios waliibana ndani ya kaseti moja ya Nintendo 64, video zikiwemo. Hiyo ni miongoni mwa kazi za kuhamisha gemu zinazostahili heshima kubwa kabisa.

Katika miaka ya 2000 wasambazaji walianza kuzitumia tofauti kama chambo. SoulCalibur II ya mwaka 2003 iliweka mhusika tofauti kwa kila konsoli: Link kwenye GameCube, Heihachi kwenye PlayStation 2 na Spawn kwenye Xbox. Resident Evil 4 ilitoka GameCube Januari 2005 ikiwa na picha safi zaidi. Miezi michache baadaye PlayStation 2 ikapata picha zilizofifia kidogo, pamoja na sehemu ya ziada ya mhusika Ada Wong.

Kwa Afrika Mashariki, mfano ulio karibu zaidi ni FIFA. PlayStation 2 ilibaki mashine ya kawaida katika vibanda vya gemu vya Dar es Salaam na Nairobi miaka mingi baada ya PlayStation 3 kutoka. FIFA 14, ya mwaka 2013, ilikuwa angalau gemu tatu chini ya jina moja: ya PlayStation 2 ilikuwa na uchezaji wa zamani, wachezaji na jezi zikiwa mpya, ya PlayStation 3 na Xbox 360 ilikuwa na uchezaji wa kizazi chake, na ya PlayStation 4 na Xbox One ilijengwa juu ya injini mpya kabisa. Kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23, Nintendo Switch nayo ilipata toleo la aina ya kwanza, ingawa safari hii jalada lilisema wazi kwamba ni toleo la urithi.

Zamani mnunuzi alitegemea picha za magazetini na maneno ya rafiki. Baadaye wachambuzi kama Richard Leadbetter wa Digital Foundry waliufanya ulinganishaji kuwa kazi ya vipimo, wakihesabu pikseli na fremu kwa sekunde. Vipimo hivyo navyo vina mpaka. Skyrim ya mwaka 2011 ilianza vizuri kwenye PlayStation 3, kisha ikazidi kuzorota kadiri faili la kuhifadhia safari ya mchezaji lilivyokua. Kasoro hiyo haikuweza kuonekana katika saa za mwanzo. Desemba 2020, Cyberpunk 2077 ilikuwa na kasoro nyingi mno kwenye PlayStation 4 hata Sony ikaiondoa dukani kwake, na haikurudi hadi Juni 2021.

Hivi karibuni swali limegeukia kile kilichomo ndani ya boksi. Baadhi ya gemu za Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, huuzwa kwa kadi isiyo na gemu ndani, ila ufunguo wa kuipakua kwa intaneti. Nyingine, Cyberpunk 2077 ikiwemo, huja zikiwa kamili kwenye kadi. Kwa mnunuzi anayelipia bando kwa kila gigabaiti, hilo ndilo jambo la kwanza la kusoma kwenye jalada kabla ya kutoa pesa.